Tupeane uzoefu: ajali za ndani ya nyumba, wewe ilikukuta ipi?

BintiMakorora:
Jana magharibi mtoto wa jirani yangu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, kavuta kitambaa cha meza. Birika zima la chai likammwagikia kifuani na mkononi. Nilipofika nikakuta mama mmoja keshampaka dawa ya meno, mwingine kashika yai, wa tatu anauliza unga uko wapi. Pipa la maji lipo mlangoni pale pale, hakuna aliyeligusa. Hospitali nesi ilibidi aanze kuitoa ile dawa ya meno kabla hajafanya lolote, mtoto analia mpaka nikashindwa kukaa mle ndani. Usiku sijalala. Watu wa Tanga na kwingineko, nyumba zetu mnazijua: jiko uani, watoto wengi, karo nyuma. Nini kiliwakuta, na mlifanyaje?

MwanaMikanjuni:
Pole sana. Ila ute wa yai unasaidia jamani, mie niliungua mafuta ya maandazi nikapona nao.

NesiMstaafu:
Ulipona kwa sababu moto haukwenda ndani. Palipoungua panataka maji safi ya kawaida, ya bomba au ya kumiminia kata kwa kata, si ya barafu, kwa dakika 20 nzima. Mvue nguo na bangili kabla hajavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Kisha funika kwa kitambaa safi umpeleke. Yai bichi linaingiza vijidudu kwenye kidonda. Nimewasafisha wengi waliokuja na yai limekauka mgongoni.

KibaoKimekunjwa:
Kwetu ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Mama kasimama kwenda kuchuja tui, kaiacha wazi, mdogo wangu anakimbizana na kuku akaiangukia. Meno ya mbuzi yakaingia chini kidogo ya jicho. Kovu analo mpaka leo na kaoa nalo. Kibao kikishamaliza kazi kikunjwe kitundikwe ukutani, hata kama dakika mbili baadaye utakuna tena.

MkweziPongwe:
Na nazi zenyewe mnazisahau. Watu wanatandika mkeka chini ya mnazi kwa sababu pana kivuli. Nazi haina hodi. Ukiona makuti makavu yananing'inia na dafu zimekuwa koroma, muite mkwezi aangue, usingoje upepo wa kusi uangue wenyewe. Kwangu watoto marufuku kucheza chini ya mnazi, wachezee mwembeni.

MwanaMikanjuni:
Hiyo unatafuta wateja bwana.

MkweziPongwe:
Natafuta, na watoto wako nawatakia uzima pia.

ChumbageniBaiskeli:
Nimesoma habari ya birika, nimeshindwa kupita kimya. Hili sijawahi kuliandika popote.

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza kipindi cha masika, akaenda kukaa arobaini kwao Ngamiani kama desturi. Nyumba yao ni ya siku hizi: tofali, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya kusukuma. Mama mkwe analala chumba kimoja na mzazi na mtoto. Asubuhi na jioni mzazi anakandwa maji ya moto, anafungwa mkaja, na seredani, jiko la mkaa, inaingizwa chumbani kwa ajili ya udi na joto la mtoto. Mchana mlango uko wazi, pazia tu. Usiku ule mvua ilipiga tangu isha, upepo wa baharini unasukuma maji dirishani, wakafunga kila kitu, na kanga kuukuu wakazisokomeza chini ya mlango. Seredani ikabaki ndani. Mkaa ulikuwa umekolea, mwekundu, hauna hata uzi wa moshi.

Mie kila asubuhi nikitoka kuswali napitia na baiskeli kupeleka pweza wa supu, maziwa yapate kushuka. Mama mkwe ni mtu wa alfajiri, nikifika huwa keshafagia ua. Siku hiyo ua haujafagiwa. Nikapiga hodi, kimya. Nikazunguka dirishani nikasikia mtoto analia, lakini kilio chembamba, kinakatikakatika. "Hodi mama! Mama!" Kimya.

Sasa wenye wakwe mtanielewa. Hicho ni chumba anacholala mama mkwe wako. Hujui kavaa nini, kalalaje. Mkono uko kwenye kitasa, miguu haiendi. Bibi wa nyumba ya pili akatoka na kanga begani, akaniuliza kuna nini, nikamwambia. Akanikaripia: "Heshima utampa akiwa hai. Vunja!"

Nilivunja kwa bega. Joto likanipiga usoni, na harufu ya udi, hakuna harufu nyingine. Mke wangu yuko sakafuni kati ya kitanda na mlango, katapika, macho wazi, ananitazama hanijui. Mama mkwe kitandani, namtikisa hashtuki. Mtoto alilazwa upande wa dirisha, na kioo kimoja cha pale hakifungi sawasawa. Naamini hicho ndicho kilichomponya. Nikampokeza bibi mtoto, nikamburura mke wangu mpaka barazani, mvua inampiga, nikarudi kumfuata mama. Mtu aliyelegea ni mzito mno. Nilipoingia mara ya pili kichwa kikaanza kunigonga na magoti hayana nguvu, hapo ndipo nikajua kilichomo ni hewa.

Bajaji iliyopita ilikuwa na abiria. Yule abiria akashuka mwenyewe kwenye mvua, akatupisha. Sijui jina lake na kila nikiswali namuombea. Hospitali wote watatu wakawekewa oksijeni. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Chumbani kulikuwa na jiko?"

Wote wazima, Alhamdulillahi. Mama mkwe alipozinduka akasema usiku alikabwa na jinamizi, alitaka kuamka afungue dirisha, mikono ikakataa. Wiki kadhaa baadaye akaanza kusahau: anabandika sufuria anaondoka, anamwita mke wangu kwa jina la dada yake. Alirudi sawa taratibu sana. Mtoto sasa anasoma darasa la pili.

BintiMakorora:
Subhanallah. Mwili wote umenisisimka.

SahareKwetu:
Nimemsomea mama yangu kwa sauti. Kanyanyuka kaenda kutoa jiko lililokuwa koridoni.

UstadhWaDuga:
Pole ndugu yangu. Lakini mzazi na mtoto mchanga ni watu wa kuandamwa, na mama mwenyewe kasema alikabwa. Mlisoma dua? Msichukue kila kitu kutoka vitabu vya daktari.

NesiMstaafu:
Ustadh, dua isomwe, na dirisha lifunguliwe. Alichokutana nacho mama yule kinajulikana. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina moshi. Ikiingia kwenye damu inashikamana nayo zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, damu inabaki kuzunguka na mwili haupati hewa. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha viungo vinakufa ganzi, akili inajua lakini mkono haunyanyuki. Kusahau kunakokuja wiki kadhaa baadaye pia ndiyo hiyo hiyo. Mkisikia watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa pamoja na ndani mna jiko, msiulize homa. Watoeni nje.

MzeeKisosora:
Mimi nina wajukuu. Mama zetu wote walikaa ndani na seredani chini ya kitanda cha kamba, na sisi ndio hawa. Vijana siku hizi kila cha wazee ni sumu. Nazi sumu, udi sumu, seredani sumu.

SahareKwetu:
Mzee wangu shikamoo. Hakuna aliyemtukana mzee hapa. Mtu kaeleza kilichomkuta.

MzeeKisosora:
Marahaba. Basi aeleze na kwa nini hakikutukuta sisi.

FundiMwashi_Pongwe:
Mzee shikamoo, naomba nijibu mie kwa sababu hizo nyumba nazijenga. Nyumba uliyozaliwa wewe ilikuwa ya udongo na fito, juu makuti, na kati ya ukuta na paa pana mwanya mkono unapita. Hewa chafu inapanda inatokea pale, safi inaingia chini ya mlango. Hakuna aliyeipanga, nyumba ilikuwa inapumua yenyewe. Leo mteja anataka dari ya jipsamu, dirisha la aluminiamu lisilopitisha mbu, na matundu ya hewa juu ya dirisha ananiambia niyazibe kwa sababu mijusi inapita. Nimezibishwa mengi. Seredani ni ile ile, nyumba siyo ile. Ukitaka kumwekea mzazi joto la mkaa, mrudishe kwenye makuti.

MzeeKisosora:
Hapo umesema. Mwanangu anajenga Mwakidila, nitamwambia matundu yaachwe wazi, aweke wavu.

UstadhWaDuga:
Nami sikukataa jiko litolewe. Nilisema dua isisahauliwe.

ChumbageniBaiskeli:
Tulisoma Ustadh, tena khitma nzima. Na mtoto wa pili arobaini yake tumeifanya bila seredani. Udi unafukizwa mlangoni, chetezo kinatoka nje kabla watu hawajalala. Joto tulimpa kwa soksi, kofia na kifua cha mama yake.

DukaLaBarabaraYa12:
Wenye majiko ya gesi msijione mmepona. Mtungi ukivuja, gesi ni nzito kuliko hewa, inalala chini sakafuni inasubiri cheche. Mkisikia ile harufu ya yai bovu, msiwashe wala kuzima taa, hata swichi ni cheche. Fungeni mtungi, fungueni milango, tokeni. Mpira na regyuleta zipakeni povu la sabuni, likitoa mapovu panavuja. Kuna mteja alikuwa anakagua kwa kiberiti, nilimnyang'anya.

SahareKwetu:
Na mafuta yakishika moto kwenye karai msimwage maji! Zima jiko, funika na mfuniko au sinia, na usilibebe kwenda nalo nje. Zimamoto ni 114, iandikeni ukutani.

MamaWaNguvumali:
Mwanangu alikunywa mafuta ya taa. Shangazi yake kayaweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, juu ya meza. Jirani kasema maziwa, mwingine mafuta ya mawese, baba yake anataka kumtia kidole atapike.

MwanaMikanjuni:
Maziwa ndiyo. Kwetu wote maziwa.

NesiMstaafu:
Hapana, hapana. Asitapishwe kabisa. Mafuta ya taa yakipanda tena yanaingia mapafuni na hapo ndipo yanapoua. Hakuna maziwa, hakuna mawese. Mpakate amekaa wima, umpeleke, na chupa yenyewe uibebe daktari aione. Na magadi ya kutengenezea sabuni ni hivyo hivyo: yanaunguza yakishuka na yanaunguza yakipanda. Wapika sabuni ya mafuta ya nazi wanajua ninachosema. Mama Nguvumali, mtoto yukoje?

MamaWaNguvumali:
Yu mzima. Alikohoa sana, akalazwa, akatoka. Chupa ya kinywaji nyumbani kwangu haiwekwi kitu kingine tena, shangazi na awe shangazi.

MlaChanguTu:
Na mwiba wa samaki ukikwama? Maana Tanga bila samaki hakuna chakula cha mchana.

MwanaMikanjuni:
Tonge kubwa la ugali, meza bila kutafuna.

MkweziPongwe:
Ndizi mbivu ndiyo mwenyewe.

NesiMstaafu:
Vyote viwili vinaweza kuushindilia zaidi. Kohoa, sukutua, kunywa maji kidogo kidogo. Ukiendelea kuchoma nenda wakumulike koo wautoe kwa koleo. Mtoto mdogo mchambulieni samaki kwa vidole, si kwa macho.

MwanaMikanjuni:
Nesi leo umenikatalia yote.

NesiMstaafu:
Nakukatalia kwa sababu watu wanasoma na watayafanya, mwanangu.

FundiUmemeTanga:
Mimi nasema moja tu, hita ile ya kuzamisha kwenye ndoo. Usitie kidole kuona kama maji yamepata moto huku imechomekwa. Na mtu akishikwa na umeme usimshike. Zima swichi kuu, ukishindwa msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu.

AnayepikaMwakidila:
Fundi, samahani. Jokofu langu nikilishika mpini nikiwa peku linanitekenya vidole. Nikivaa ndala halinitekenyi. Ni la kawaida hilo?

FundiUmemeTanga:
Si la kawaida. Lichomoe sasa hivi, kabla hujanijibu. Kuna umeme unavuja kwenye bati na inaelekea nyumba yako haina ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, au ethi yake imekatika. Ndala ndizo zinazokulinda leo. Una watoto?

AnayepikaMwakidila:
Wawili, na wanakunywa maji ya humo mchana kutwa. Nimechomoa.

FundiUmemeTanga:
Usilichomeke tena mpaka nije. Kesho baada ya swala ya adhuhuri nakuja na kipimo, nitaanza na ethi nje ndipo niangalie jokofu. Nielekeze kwa ujumbe wa pembeni.

AnayepikaMwakidila:
Ahsante fundi. Ila lina kibua na jodari nilionunua leo asubuhi, kesho watakuwa wameoza.

MlaChanguTu:
Wapasue usiku huu, watie chumvi ya kutosha, asubuhi waanike juani wawe ng'onda. Jodari kaanga.