Tupeane uzoefu: Mapenzi ya NBA yakishabadilika, unaendeleaje kufuatilia kikapu?

KonaYaKushoto

Wakuu, salamu. Kila msimu kuna mashabiki wa kikapu wanaoishia njiani. Mtu aliipenda NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kwa sababu ya nyota mmoja, nyota akahamishwa. Mwingine timu yenyewe ilimkimbia, kama mashabiki wa Seattle walivyoachwa mwaka 2008 SuperSonics ilipohamia Oklahoma City. Mwingine kazi na familia vimembana, mechi za usiku hazimudu tena. Mapenzi ya kwanza yakipoa, wengi wanaona kilichobaki ni kuacha. Mimi nasema kinachotakiwa ni kubadili namna ya kufuatilia, na hilo lina ufundi wake. Tupeane ufundi huo: mechi unazichagua vipi, macho unayaweka wapi, nini kinaharibu utamu na kwa nini. Habari za maisha yetu tuziweke pembeni.

Naanza na ratiba. Timu ni 30, kila moja ina mechi 82, jumla 1,230 kabla hata ya mtoano. Mechi ya dakika 48 inakula zaidi ya saa 2 ukihesabu taimauti, faulo na mapumziko. Huwezi kuzimaliza, kwa hiyo chagua. Wiki 3 za mwanzo pitia timu nyingi, robo moja moja, uone nani anacheza na nani. Desemba na Januari unaweza kusoma matokeo tu. Rudi baada ya siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, mwezi Februari, maana vikosi vinakuwa vimetulia. Mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Aprili kaa chonjo: timu zilizokata tamaa zinachezesha chipukizi, na zilizojihakikishia nafasi zinapumzisha nyota. Matokeo ya wiki hizo yanadanganya sana.

Kwenye mtoano timu mbili zinakutana mara kadhaa. Ukiwa na nafasi ya mechi moja tu kati ya zile za mwanzo, chagua ya 2. Ya kwanza kila kocha anaonyesha mpango aliokuja nao. Ya pili unaona aliyefungwa amebadilisha nini: nani kaanzia benchi, nani sasa anamkaba mfungaji mkuu.

Angalizo la saa: Marekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ukiishi nchi isiyobadilisha saa, mechi ile ile itaanza saa nzima mapema kuanzia Machi. Watu wanakosa robo ya kwanza kila mwaka kwa sababu hiyo tu.

SentaMstaafu

Mkuu, hapo kwenye kuchagua ongeza kitu kimoja: kabla hujaamka usiku, soma ripoti ya majeruhi. Timu inatakiwa kuitoa siku moja kabla ya mechi, ifikapo saa 11 jioni kwa saa za inapochezwa. Kama timu inacheza siku 2 mfululizo, ripoti ya mechi ya pili huja siku yenyewe, na hapo ndipo nyota wengi hupotea. Timu inayocheza usiku wa pili mfululizo, tena ugenini, usiiamkie bila kuhakikisha.

Kilio cha nyota kupumzishwa ndicho kinachofukuza watu wengi, kwa hiyo ijue sheria inasemaje. Tangu msimu wa 2023-24, mchezaji anahesabika nyota akiwa amechaguliwa All-Star (mechi ya nyota wa ligi) au kikosi bora cha msimu ndani ya misimu 3 iliyopita. Timu hairuhusiwi kupumzisha nyota 2 katika mechi moja bila sababu ya kweli, na inatakiwa iwe nao kwenye mechi zinazorushwa na televisheni za taifa zima na zile za Kombe la NBA. Wakongwe wana unafuu: aliyeanza msimu akiwa na miaka 35, au mwenye dakika 34,000 za msimu wa kawaida, au mechi 1,000 za msimu wa kawaida na mtoano kwa pamoja, anaweza kuombewa ruhusa mapema asicheze siku 2 mfululizo.

Halafu kuna ile ya mechi 65. Asiyefikisha haingii kwenye tuzo kubwa kama ya mchezaji bora, na kwa kawaida mechi inahesabika akicheza angalau dakika 20. Mbinu ni hii: ikifika Machi, hesabu nyota unayemfuata ana mechi ngapi. Aliye karibu na 65 atacheza hata akichechemea kidogo. Aliyekwisha kuikosa, usimtarajie sana.

MhasibuWaLigi

Niseme kuhusu kuondoka kwa wachezaji, maana ndiko mioyo inakovunjika. Februari 2025 Luka Dončić alipelekwa Lakers na Anthony Davis akaenda Dallas, na mashabiki wa Dallas hawakuwa na dalili yoyote. Hiyo ni ya nadra. Nyingi zinaonekana mapema ukisoma hesabu.

Kwa msimu wa 2025-26 kikomo cha mishahara ya timu nzima ni dola milioni 154.647. Timu inaweza kukivuka, hasa ili kuwabakisha wachezaji wake, lakini juu yake kuna ngazi: kodi inaanzia milioni 187.895, kizuizi cha kwanza 195.945, cha pili 207.824. Mchezaji mwenye miaka 10 au zaidi kwenye ligi anaweza kuanza mkataba kwa asilimia 35 ya kikomo. Wawili wa namna hiyo wanakula asilimia 70, na bado una watu zaidi ya 10 wa kulipa.

Ukivuka kizuizi cha pili unafungwa mikono. Huwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji 2 ili umpate mmoja wa bei kubwa, huwezi kuongeza fedha taslimu kwenye mabadilishano, na haki yako ya kuchagua raundi ya kwanza ya drafti (uteuzi wa chipukizi wanaoingia ligi) miaka 7 mbele inazuiwa usiitoe. Ndiyo maana Boston, mabingwa wa 2024, mwaka mmoja tu baadaye waliwaachia Jrue Holiday aende Portland na Kristaps Porziņģis aende Atlanta. Hakuna aliyewachukia wachezaji hao. Hesabu ziligoma.

Kwa hiyo ukitaka kumpenda mchezaji kwa usalama, tazama vitu vitatu. Mkataba umebaki miaka mingapi? Aliye kwenye mwaka wa mwisho bila kuongezwa yuko mlangoni. Timu iko wapi kwenye ngazi hizo? Iliyo juu ya kizuizi cha pili itamtoa mtu. Na je, kuna kijana wa mkataba wa drafti anayecheza nafasi ile ile? Huyo analipwa kidogo, na uongozi utampenda zaidi yako. Wenye haki ya kukataa kuhamishwa ni wachache mno, kwa sababu kuipata kwa mkataba kunadai miaka 8 kwenye ligi, 4 kati yake ukiwa na timu hiyo.

Tarehe ya kukumbuka ni Desemba 15: wengi waliosaini majira ya joto wanaanza kuruhusiwa kuhamishwa. Fununu za Novemba juu yao ni kelele.

MshonoMbili

Kwa wanaonunua jezi: subirini mkataba mpya usainiwe, au nunueni ya mchezaji ambaye namba yake timu imeistaafisha. Hiyo haichuji thamani hata uongozi ukibadilika.

Na utunzaji, maana jezi nyingi za mashabiki namba zake zimebandikwa kwa joto, hazijashonwa. Igeuze ndani nje, maji ya baridi, sabuni kidogo, anika kivulini. Pasi usiiguse kabisa. Namba huanza kubanduka pembeni, kwenye kona za herufi, kwa sababu joto linalegeza gundi, kisha kila ufuaji unavuta zaidi. Ukiona ncha imeinuka, acha kuizungusha kwenye mashine, fua kwa mkono.

MezaYaTakwimu

Mwenye muda mfupi anaweza kuielewa mechi kwa kusoma jedwali la takwimu, ila asianzie kwenye pointi. Mfano: mchezaji A amefunga 30 kwa mitupo 24 ya kawaida na 6 huru. Mchezaji B amefunga 22 kwa mitupo 12 na 6 huru. Kanuni ya kupima ufanisi wa mfungaji: zidisha mitupo huru kwa 0.44, jumlisha na mitupo ya kawaida, zidisha kwa 2, kisha gawa pointi kwa jibu hilo. A anapata 30 gawanya kwa 53.28, yaani asilimia 56. B anapata 22 gawanya kwa 29.28, asilimia 75. Vichwa vya habari vitamwimba A, ila aliyekula nafasi chache na kuzaa zaidi ni B. Ile 0.44 ipo kwa sababu si kila mtupo huru unamaliza shambulizi: mingine huja miwili miwili, mingine mmoja baada ya kikapu kuingia.

Baada ya hapo tazama mipira iliyopotezwa, ribaundi (mipira inayodakwa mtupo ukikosa) za kwenye shambulizi na mitupo huru ya kila timu. Haya matatu, pamoja na ufanisi wa mitupo, yanaeleza karibu kila ushindi. Ile namba ya kujumlisha na kutoa, inayoonyesha timu ilifanyaje mchezaji akiwa uwanjani, usiiamini kwa mechi moja. Mtu anaweza kupata +18 kwa kukaa uwanjani wakati wenzake wanalenga vizuri.

Kwa wanaosema mchezo umeharibika kwa pointi tatu: msimu wa 1979-80, mstari ulipoanza, timu ilirusha chini ya mitupo 3 ya namna hiyo kwa mechi. 2009-10 ilikuwa kama 18. 2024-25 imepita 37. Sababu ni ya hesabu tu. Ukilenga asilimia 36 kutoka mbali unapata wastani wa pointi 1.08 kwa mtupo. Mtupo wa kati ukilengwa kwa asilimia 42 ni 0.84. Unaweza usiupende mchezo wa sasa, na una haki, lakini makocha hawatarudi nyuma hadi hesabu au sheria zibadilike.

RoboYaNne

Hapo kwa MezaYaTakwimu nakubali, ila jedwali haliwezi kukuonyesha ulinzi. Aliyechoka kumfuata nyota ahamishe macho kutoka kwenye mpira. Huu ndio ushauri wangu mkubwa kwenye uzi huu.

Chukua shambulizi moja. Mpira uko kulia juu, senta anakuja kuweka skrini, yaani kumzuia beki kwa mwili ili mwenzake apite. Usimtazame mwenye mpira. Mtazame beki aliye upande wa kushoto chini, anayemlinda mtu wa kona. Huyo ndiye wa kuziba njia ya kikapu senta wake akipitwa. Utaona mguu mmoja unaingia ndani ya eneo la rangi, lile la chini ya kikapu, unatoka, unaingia tena. Anafanya hivyo kwa sababu NBA, tangu 2001-02, hairuhusu beki kukaa mle zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu kwa karibu. Adhabu yake ni mtupo huru mmoja na mpira unabaki kwa wapinzani. Mgawa mipira mzuri anausoma mguu ule. Ukiingia tu, pasi inaruka hadi kona ya kushoto, mahali ambapo mstari uko mita 6.70 badala ya 7.24 za katikati. Sasa beki anarudi mbio. Mzuri anapunguza hatua anapokaribia, zinakuwa fupi, mkono juu. Mbaya anafika kwa kasi yote, anadanganywa kidogo, anapitwa, na ulinzi mzima unavunjika.

Fanya hivyo kwa robo moja tu, beki mmoja. Mwanzoni macho yatakuvuta kwenye mpira, ni kawaida. Tumia marudio ya video: tazama shambulizi mara moja kwa mpira, mara ya pili kwa kona. Ukizoea, hata mechi ya timu 2 zilizo mkiani inakuwa na kitu.

Kipenga

Kuna wanaobaki na kikapu kwa sababu ya mkeka wa kubeti. Nawaomba wapige hesabu. Odi za 1.91 kila upande: gawa 1 kwa 1.91, unapata asilimia 52.4, na pande mbili zinafika 104.7. Hiyo 4.7 ya juu ndiyo ya kampuni. Usipopatia zaidi ya asilimia 52.4 unapoteza. Ukikusanya mechi 5 kwenye mkeka mmoja, malipo ni mara 25.4, wakati kwa mechi za nusu kwa nusu nafasi ya kupatia zote ni moja kati ya 32. Kila dau la 100, kwa wastani zinarudi 79. Mkeka mrefu ndio unaochanika zaidi, na ndio unaotangazwa zaidi.

Dau za mchezaji mmoja mmoja, kama atapata ribaundi ngapi, ziogope kabisa, maana mtu mmoja anaweza kuamua matokeo yake. Aprili 2024 NBA ilimfungia Jontay Porter maisha kwa kuvujisha habari za afya yake kwa wacheza kamari, kujipunguzia muda wa kucheza na kubeti mechi za ligi. Tena dau linahamisha macho. Unaacha kutazama mchezo, unasubiri namba.

SentaMstaafu

Nakazia. Na kwa lawama za marefa: mechi ikiwa na tofauti ya pointi 3 au pungufu wakati wowote ndani ya dakika 2 za mwisho, NBA hutoa tathmini ya maamuzi yake kesho yake. Isome kabla ya kusema mmeibiwa.

MshonoMbili

Swali: mtu akiichoka NBA yenyewe, aende wapi?

KonaYaKushoto

Mkuu, ziko ligi fupi. WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, huanza Mei na tangu 2025 kila timu ina mechi 44. EuroLeague, ya klabu za Ulaya, sasa ina timu 20 na raundi 38, na kila mechi ina uzito. BAL, ligi ya klabu za Afrika, ilianza 2021 mjini Kigali. Mabingwa wake hadi 2025 ni Zamalek, US Monastir, Al Ahly, Petro de Luanda na Al Ahli Tripoli, kila mwaka bingwa mpya.

Jiandae kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, huko EuroLeague na BAL. Dakika ni 40, mstari wa tatu uko mita 6.75, hakuna sekunde 3 za ulinzi, kwa hiyo senta anaweza kusimama chini ya kikapu muda wote na njia zinakuwa finyu. Mpira ukishagusa ringi, yeyote anaruhusiwa kuupiga. Mgeni kutoka NBA huona hapo kama refa amekosea, kumbe ni halali.

RoboYaNne

La mwisho kwa wanaotazama marudio asubuhi. Zima arifa za programu zote za michezo na makundi ya kuchati kabla ya kulala. Video ifungue kwa kiungo ulichohifadhi, usipitie ukurasa wa mbele, maana picha ya jalada hutoboa siri. Ficha pia mstari wa muda chini ya video: ukiona imebaki dakika 25 wakati robo ya nne inaisha, umeshajua kuna muda wa nyongeza.