Mjadala: Neno "dhamana" lisiondolewe mahakamani

Wakuu, kuna hoja naiona ikirudiwa: kwamba "dhamana" limebebeshwa mizigo mingi mno (dhamana ya mkopo, waziri mwenye dhamana, mdhamini wa ligi), kwa hiyo mahakamani litafutiwe mbadala, watu waache kudhani mshtakiwa ananunua uhuru. Napinga.

Shida yenyewe naijua. Nilimsindikiza mama mdogo kituo cha polisi, mwanawe ameshikwa. Ukutani kuna tangazo, "Dhamana ni bure". Askari akamwambia alete mdhamini. Mama mdogo akafungua fundo la kanga, akaanza kuhesabu noti huku akininong'oneza, "Bure gani, na wanataka mdhamini?" Kwake mdhamini ni mtoa hela, ndivyo anavyosikia redioni kila siku ya mechi.

Sasa tazameni asili. Neno limetoka Kiarabu, mzizi wake dh-m-n, kubeba jukumu la jambo la mwenzio. Mdhamini ni mtu anayesimama na kusema, "Huyu nitamleta." Anapeleka barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, anasaini bondi (ahadi ya maandishi ya kulipa mshtakiwa asipofika), tuseme ya milioni 5, na hatoi hata senti ikiwa mshtakiwa anafika kila tarehe. Mshtakiwa akiruka dhamana ndipo mdhamini anadaiwa. Ni kweli yapo mashauri ambayo mahakama hutaka fedha taslimu au hati ya mali, lakini hizo ni rehani ya ile ahadi, na kesi ikiisha zinarudi kwa mwenyewe aliyetimiza masharti. Kwa wenzetu Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inaitaja dhamana kama haki ya aliyekamatwa, asinyimwe bila sababu nzito.

Tangu 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Neno likieleweka vibaya, mtu analala rumande wakati wajomba wawili wenye vitambulisho wako nyumbani wanachangishana.

"Waziri mwenye dhamana" haliharibu kitu: kabeba jukumu, tutamdai. Lililopotoka ni la mpirani. Kampuni iliyolipia jezi haijamdhamini mtu. Timu isipotokea uwanjani, kampuni haidaiwi. Huyo aitwe mfadhili. Watakaosema mfadhili hutoa bila kutaka kitu, na kampuni inataka jina lake kifuani, wana hoja. Walete neno bora la mpirani, dhamana watuachie.