Re: Majina ya bango la harambee ya karo, Shule ya Upili ya Mang'u, Kenya

Kutoka kwa: Katibu

Wazee, hamjambo. Mchapishaji wa bango anataka majina kabla ya Ijumaa. Nimeweka matatu ya waliosoma shuleni kwetu: Mwai Kibaki, aliyekuwa rais, katikati; George Saitoti, aliyekuwa makamu wa rais, kulia; Kadinali Maurice Otunga kushoto. Chini yao kaulimbiu ya shule, "Jishinde Ushinde". Mwenye neno aseme sasa, si siku ya hafla bango likiwa limeshatundikwa.

Kutoka kwa: Mwanachama, Minnesota

Katibu, pole na kazi. Mimi neno ninalo. Orodha yako haina kasoro, ila umemruka mtu ambaye harambee kama hii ingemfaa kuliko hao wote watatu.

Tom Mboya, yule kiongozi wa wafanyakazi aliyekuja kuwa waziri, aliingia Mang'u 1946 akitokea shule ya Yala. Babake alikuwa nyapara katika shamba la mkonge upande wa Ol Donyo Sabuk, na nyuma ya Tom kulikuwa na wadogo wanaongoja kusomeshwa kwa mshahara uo huo. Kufikia 1947 pesa zikaisha. Akaondoka, akaenda Jeanes School pale Kabete kusomea ukaguzi wa afya, kwa kuwa huko hakukuwa na mzigo wa karo kwa mzazi. Mwaka anaotoka yeye ndio Kibaki anaingia. Huyu wa pili akakaa hadi 1950, akapita Makerere na London School of Economics, na yaliyofuata mnayajua.

Sasa angalieni alichofanya huyo aliyekosa karo. 1959 kulikuwa na vijana waliokwisha kupata nafasi na ufadhili katika vyuo vya Marekani, na hawana nauli. Mboya akazunguka nchi hii akihutubia na kuomba. Watu mashuhuri wa Marekani, Jackie Robinson wa besiboli, Harry Belafonte na Sidney Poitier, wakatia sahihi barua ya kuchangisha. Septemba ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata akamfuata John F. Kennedy, wakati huo akigombea urais wa Marekani, nyumbani kwake Hyannis Port, na wakfu wa familia ile ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alikuja kwa safari za 1960. Kwa lugha yetu, ile ilikuwa harambee, na wengi wetu humu tuna mjomba au mzee wa kijijini aliyefungua njia ya huku kwa mpango ule.

Katikati awekwe Mboya.

Kutoka kwa: Mwanachama, New Jersey

Ndugu wa Minnesota, Mboya hakumalizia Mang'u. Tukimweka katikati, wazee wa darasa la Saitoti watatuuliza kama tumeishiwa na waliomaliza. Na Saitoti mwenyewe ana hadithi ya kuvutia wachangaji: kutoka Mang'u hadi chuo cha Brandeis, Massachusetts, kisha uzamifu wa hisabati Warwick, Uingereza, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kabla siasa hazijamchukua. Watoto wetu waliozaliwa huku wanamwelewa mtu wa hisabati upesi kuliko kadinali. (Kadinali abaki, lakini. Mamangu atakuwepo.)

Kutoka kwa: Mweka Hazina

Mkimaliza picha, tuje kwa pesa, maana ndizo zinazotuletea ugomvi kila mwaka.

Mwongozo wa karo kwa shule za kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Hiyo si yote. Barua ya kujiunga ikifika nyumbani kuna sare, godoro, sanduku la chuma lenye kufuli, blanketi, vitabu. Nimeona mzazi amepata karo ya muhula wa kwanza halafu mtoto akakwama kwa ajili ya sanduku. Kamati itenge sehemu ya vitu hivyo, la sivyo tunamlipia mtoto kiti asichoweza kukifikia.

Pili, kodi. Ukituma moja kwa moja kwa akaunti ya shule Kenya, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haitakukubalia kuutoa mchango huo kwenye mapato unayotozwa kodi. Lazima ipitie shirika la hisani lililosajiliwa hapa Marekani chini ya kifungu cha 501(c)(3), na shirika hilo ndilo liamue nani anasaidiwa. Maana yake huwezi kuchanga halafu uandike "hizi ni za mpwa wangu wa kidato cha pili". Za mpwa mtumie kwa M-Pesa kama kawaida, ni zako na yeye. Anayetoa dola 250 au zaidi aniandikie apate barua ya kukiri kupokea mchango. Hundi pekee haitoshi.

Tatu, hakuna pesa kupitia simu ya mtu binafsi. Tulishaumwa.

Kutoka kwa: Katibu

Nimesoma yote. Mboya katikati, Kibaki na Saitoti pembeni, Kadinali juu yao kwa heshima ya mama wa New Jersey. Chini ya Mboya tutaandika "Mang'u 1946–1947" bila maelezo. Mwenye kuuliza kwa nini ni miaka miwili atajibiwa na mtu wa Minnesota, ambaye nimempa dakika kumi za kuzungumza kabla ya kuchanga. Moody Awori, aliyekuwa makamu wa rais, tumemkosea nafasi, naye ni wetu pia; aingie kwenye kijitabu cha ratiba.

Mweka Hazina, nitumie jina kamili la shirika kama lilivyosajiliwa, liandikwe kwenye kadi za mchango. Mwaka jana hundi nne zilirudishwa na benki.