Filta tupu inakula DTT karibu sawa na sampuli, kosa liko wapi?

Wadau, nakusanya PM2.5 (vumbi laini la hewani) pale Kondele, Kisumu, kwa filta za kwatzi. Napima uwezo wa vumbi hilo kuoksidisha kwa DTT, kemikali inayoliwa kadiri vumbi linavyooksidisha, ila hata filta tupu inasoma juu. Nianzie wapi?

— Anza na bafa, yaani myeyusho unaoshikilia pH. Fosfeti ya kawaida hubeba shaba kidogo, na hicho kidogo kinatosha kumaliza DTT. Ipitishe (0.1 M, pH 7.4) kwenye resini ya Chelex, inayonasa metali. Filta zichome kwa 550°C saa kadhaa, vyombo osha kwa asidi ya nitriki 10%. DTT iandae siku hiyohiyo. Ikilala inajioksidisha yenyewe.

— Naongeza: DTT 100 µM, 37°C, chota kila baada ya dakika 10 mpaka dakika ya 30, simamisha mmenyuko kwa TCA (asidi), tia DTNB (hutoa rangi kulingana na DTT iliyobaki), soma rangi kwa mwanga wa 412 nm. EDTA (kemikali inayoshika metali) isiingie kabla ya kusimamisha, itaificha shaba. Mstari wa DTT dhidi ya muda ukipinda, zimua sampuli.

— Na msiabudu uzito wa vumbi jamani. Salfeti huongeza mikrogramu lakini hailii DTT. Vinavyoila ni kwinoni (kemikali za kikaboni) za moshi wa dizeli, makaa na taka, pamoja na shaba ya breki za matatu. Chuma karibu hakionekani kwenye jaribio la DTT. Kitafute kwa jaribio la radikali za hidroksili.

— Asanteni. Chelex kwanza.