Naomba ushauri: ndege ndogo za binafsi, hatari imeongezeka kweli?

Habari zenu wakuu. Kaka yangu ana leseni ya urubani wa binafsi, anataka kuwarusha wanangu kwa ndege ya injini moja. Kila nikifungua habari naona ajali, moyo unasita. Takwimu za Marekani nilizosoma zinaonyesha takriban ajali 1 yenye vifo kwa kila saa 100,000 za kuruka. Chanzo kikubwa ni rubani kupoteza udhibiti wa ndege, na wengine huingia mawinguni bila kufunzwa kuruka kwa kutegemea vipimo pekee. Je, hatari imepanda, au ni habari tu zimezidi? Na ninyi mnaorusha, nimuulize nini hasa kabla sijakubali? Sitaki kumvunja moyo kaka, ila hao ni watoto wangu.