Ushauri: prosesa ya bei nafuu kwa kompyuta ndogo ya sebuleni, Ryzen 5 5600G au Core i3 ya kizazi cha 12?

Mwana-Nyegezi (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wanajamvi. Nimekesha siku tatu nikisoma, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Mimi na mama watoto tumekubaliana kuunda kompyuta ndogo itakayokaa chini ya televisheni, hapa Nyegezi, kwa ajili ya hesabu za biashara yetu ya dagaa, masomo ya kijana wetu wa kidato cha tatu, na michezo midogo ya mwisho wa wiki. Fedha ya prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, haizidi laki tatu na nusu. Je, nichukue Ryzen 5 5600G ya AMD au Core i3 ya Intel ya kizazi cha 12? Ninaomba majibu mapema, kwani natakiwa kuamua kabla ya Jumamosi.

Babu wa Nyamanoro
Kijana, achana na mambo ya kuunda. Nunua kompyuta ndogo iliyotumika maofisini. Mimi yangu nimeifunga nyuma ya kioo, huu ni mwaka wa tatu, na haijanisumbua isipokuwa siku umeme ulipokatika nikiwa katikati ya kuandika wosia, ambao mpaka leo sijaurudia. Hakikisha tu ni Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu Windows 11 haizikubali rasmi za nyuma yake, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025.

Fundi wa Makoroboi
Shikamoo babu, ila mwenzetu hakuuliza hilo. Ndugu, 5600G ilitoka mwaka 2021, ina viini 6 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), na sehemu yake ya picha ina nguvu kuliko ile ya i3-12100, hiyo Core i3 unayoitaja, kwa hiyo kwa michezo bila kadi ya picha ndiyo inayoshinda. i3-12100 ya mwaka 2022 ina viini 4 na nyuzi 8, lakini kiini kimoja kimoja kina kasi zaidi, na kwa majedwali ya hesabu hutaona upungufu wowote. Hizi mbili haziingii kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) moja: ya kwanza hukaa kwenye soketi, yaani kikalio cha prosesa, ya AM4, ya pili kwenye LGA1700. Kabla sijaendelea, kuna kifaa chochote ambacho umeshakinunua? Na Jumamosi kuna nini?

Mama Mwaloni
Mwanangu, nyumba yako iko karibu na ziwa? Mimi niko Kirumba, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda majini kama moshi waliniingilia kwenye kompyuta kupitia matundu ya feni mpaka ikawa inanuka kama chanja la dagaa. Fundi aliifungua akatoa wadudu waliojaa kiganja. Weka wavu kwanza, prosesa baadaye. Na huyo mtoto wa kidato cha tatu asome; michezo ataikuta.

Mwana-Nyegezi
Shikamoo mama, wavu nitaweka. Fundi, ni kweli kasha ninalo tayari. Ni jembamba, la unene wa sentimita nane, halina nafasi ya kadi ya picha, na feni ya prosesa isizidi kimo cha milimita 50. Sidhani kama hilo linabadilisha swali langu.

Fundi wa Makoroboi
Linalibadilisha sana. Feni inayokuja na 5600G ina kimo cha milimita 54, hivyo ungelazimika kununua nyingine fupi. Sasa nijibu kwa ukamilifu: madabodi je?

Mwana-Nyegezi
Madabodi pia ninayo, ni ya H610 yenye soketi ya LGA1700, ile ndogo ya sentimita 17 kwa 17. Na kwa kuwa mmenibana, niseme yote: nimelipa laki moja ya kushikilia i3-12100F, na salio linatakiwa Jumamosi. Mama watoto hajui. Tafadhali msinihukumu haraka. Niliichagua F kwa sababu ni pungufu kwa elfu hamsini, muuzaji amenihakikishia kuwa kasi ni ileile, na tundu la HDMI kwenye madabodi nimeliona kwa macho yangu.

Fundi wa Makoroboi
Kuhusu kasi muuzaji hajakudanganya. Hata hivyo, kwa Intel herufi F maana yake ni kwamba sehemu ya picha ndani ya prosesa haifanyi kazi. Tundu la HDMI uliloliona ni mlango tu. Picha hutoka kwenye prosesa, na yako haina ya kutoa. Utahitaji kadi ya picha, na kasha lako halina pa kuiweka. Kwa AMD mtego ni huohuo ukiwa umegeuzwa: kwenye 5600G ni G inayobeba picha, na 5600 tupu haina.

Mtani wa Sengerema
Kwa hiyo mwenzetu atasikiliza hesabu za dagaa kama redio.

Mwana-Nyegezi
Lakini je, haiwezekani kuitumia hivyo kwa muda, kisha nikabadilisha kasha baadaye? Elfu hamsini si fedha ndogo.

Jicho la Kapripoint
Wanajamvi, mnalishwa hadithi. Mtu mwenye madabodi ya LGA1700 anawezaje kuja kuuliza kuhusu 5600G? Ni sawa na aliyeshapanda kivuko cha Ukerewe kuuliza kama asafiri kwa basi. Tena mwanzoni alisema amekubaliana na mama watoto, mara mama watoto hajui. Ninahisi huyu ndiye muuzaji, ana F zimemlalia dukani, na anapima kama wateja wanaijua hiyo herufi.

Babu wa Nyamanoro
Hata mimi nilishangaa. Wa dagaa gani huyo anayejua milimita za feni?

Mwana-Nyegezi
Milimita zimeandikwa kwenye boksi la kasha. Tulichokubaliana na mama watoto ni kompyuta, si malipo ya laki moja, na aliyeoa atanielewa. Niliuliza kuhusu 5600G kwa kuwa nilitumaini mngesema i3 ni bora, nami nikalala usingizi. Ningekuwa muuzaji nisingekiri kwamba nimeliwa.

Mama Mwaloni
Mwacheni kijana. Muuzaji hajiiti mjinga mbele ya watu.

Fundi wa Makoroboi
Ndugu, usisubiri Jumamosi. Nenda kesho, omba i3-12100 isiyo na F, na laki yako ihesabiwe humo. Soketi ni ileile, na feni inayokuja nayo kwenye boksi, ya milimita 47, inaingia kwenye kasha lako. Kwa RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, chukua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu sehemu ya picha hutumia kumbukumbu hiyohiyo na hunufaika na njia mbili.

Mwana-Nyegezi
Nimetoka dukani mchana huu. Amekubali kubadilisha kwa nyongeza ya elfu hamsini, na nimeona mwenyewe kwamba kwenye boksi hakuna F. Ahsanteni sana. Kuhusu RAM, nilikuwa nimeshanunua kijiti kimoja cha GB 16 mwezi uliopita, kimeandikwa DDR5. Sidhani kama hilo lina tatizo.

Fundi wa Makoroboi
Madabodi yako imeandikwa DDR ngapi? Kijiti cha DDR5 hakiingii kwenye nafasi ya DDR4.

Mwana-Nyegezi
Nne.