Mjadala: Mama asiye na tatizo la kitabibu akitaka kujifungua kwa upasuaji, apewe au akataliwe?

Mleta mada:
Wadau, hasa akina mama, karibuni. Wapo wanaosema mjamzito mzima wa afya akiomba kupasuliwa akataliwe, kwa kuwa kisu kitamwachia maumivu na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Wengine wanasema mwili ni wake. Hata serikali zimegawanyika: Uingereza, mwongozo wa mwaka 2011 ulisema mama akishaelezwa faida na hasara na bado akataka, apangiwe. Uturuki mwaka 2012 ikatunga sheria ya kubana upasuaji usio na sababu ya kitabibu.

Mimi nasema apewe. Hoja ya sonona ndiyo inanikera zaidi, kwa sababu inawaweka kapu moja watu wawili wasiofanana. Kuna aliyepangiwa tarehe, akajua nani atampasua, akachomwa ganzi ya mgongo huku mwenzi wake amemshika mkono. Kuna aliyehangaika na uchungu usiku kucha, mapigo ya moyo ya mtoto yakashuka, akakimbizwa koridoni huku anatia sahihi karatasi asiyoisoma. Huyu wa pili ndiye anayeshtuka usingizini miezi baadaye. Na aliyejifungua kwa njia ya kawaida, mtoto akavutwa kwa koleo, naye anaweza kushtuka vilevile.

Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika nchi 26, kwa wajawazito ambao watoto walikuwa wametanguliza makalio. Waligawanywa kwa bahati nasibu: hawa upasuaji wa kupangwa, wale wajaribu njia ya kawaida. Baada ya miezi 3, tatizo la mkojo kuvuja lilikuwa dogo kwa kundi la upasuaji. Walipofuatiliwa baada ya miaka 2, sonona, maumivu, hata uhusiano na mwenzi, havikuonyesha tofauti ya maana. Tofauti iliyojitokeza ilikuwa kufunga choo, zaidi kwa waliopangiwa kisu. Basi.

Mchangiaji, mtakwimu:
Mkuu, usiuvute huo utafiti kuliko unavyovutika. Katika kundi la njia ya kawaida, zaidi ya wanawake 40 katika kila 100 waliishia kupasuliwa. Kwa hiyo utafiti ulilinganisha mpango wa kupasua na mpango wa njia ya kawaida, si waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Tena mtoto aliyetanguliza makalio si mimba ya kila mtu.

Mchangiaji, mkunga:
Nakubaliana na mleta mada kuhusu dharura, lakini nyote mnaongea kama vile mtu anazaa mara moja tu. Kila kovu kwenye mfuko wa uzazi linaongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishika mahali pabaya katika mimba zinazofuata, wakati mwingine likazama ndani ya kovu lenyewe. Hapo tunazungumzia damu nyingi na pengine kutolewa kizazi. Nani anamwambia hivyo msichana anayetaka watoto wanne?

Halafu zile siku za mwanzo. Mama wa mshono hainuki tu. Anageukia ubavu, anashusha miguu, anajisukuma kwa kiwiko. Akitaka kukohoa anakumbatia mto tumboni kwanza. Mtoto analia, yeye bado anajipanga kugeuka. Kunyonyesha nako mara nyingi huchelewa kuanza. Ukimwacha peke yake na hali hiyo, roho itachoka tu.

Mchangiaji, mama wa wawili:
Mie nimepita kote. Wa kwanza wa kawaida, nikachanika vibaya, nikawa nakaa upande mmoja kama ndege. Kupiga chafya tu, nimelowa, na niliona aibu kumwambia mtu. Wa pili nilipasuliwa kwa kupanga. Mshono uliuma, lakini kila hatua niliambiwa. Ule wa kwanza nilishonwa watu wakipiga soga zao juu yangu. Mpaka leo kinachoniuma ni hicho, kidonda kilishapona.

Mchangiaji mwingine:
Sawa, lakini kila anayeomba akipewa, tutafika wapi? Shirika la Afya Duniani mwaka 1985 lilitaja asilimia 10 hadi 15 ya uzazi kuwa kikomo cha upasuaji. Mwaka 2021 likasema dunia imefika 21.

Mleta mada:
Shirika hilohilo mwaka 2015 lilisema juhudi ziende kwa kila mama anayeuhitaji upasuaji, si kukimbiza asilimia fulani. Na hospitali za Uingereza ziliambiwa mwaka 2022 ziache kujipima kwa asilimia ya upasuaji, maana kuna mahali akina mama walisukumwa wazae kwa njia ya kawaida hadi watoto wakafariki.

Dada mkunga, hoja ya kovu naichukua yote. Anayetaka familia kubwa aelezwe hivyo hivyo kama ulivyoeleza, ikiwezekana wiki nyingi kabla ya tarehe. Bado akisema nataka, apewe.

Mchangiaji, mkunga:
Apewe, sawa. Na baada ya hapo? Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unataka mama aonwe tena kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 6. Wengi wakija, anapimwa mtoto uzito, mama anaangaliwa mshono. Swali la "wewe unalalaje, unalia?" haliulizwi, awe amepasuliwa au hakupasuliwa. Mtetee na hilo, mleta mada.